Mgeni Asiye na Gari: Lugha ya Miji Yetu Katika Intaneti

Makala haya yanahusu aina moja ya maandishi ambayo wanaisimu wetu hawajayatupia jicho sana, nayo ni maandishi ambayo miji huyaweka katika intaneti kwa ajili ya wageni. Sikusudii kuyajadili yote. Nitajifunga kwenye sehemu ile tu inayomweleza mgeni namna ya kufika mjini na kuzunguka humo, na nitamtazama mgeni wa namna moja: yule ambaye hana gari lake, wala hana mwenyeji wa kumpokea kwa gari. Mfano wangu mkuu utakuwa Nairobi. London, Dar es Salaam na Lamu zitaingia pale ambapo ulinganishi utatusaidia kuona jambo ambalo Nairobi peke yake hailionyeshi wazi.

Hoja ninayotaka kuieleza ni hii. Mgeni asiye na gari huelezwa njia za Nairobi kila siku, kwa Kiswahili na kwa ufasaha mkubwa, lakini huelezwa kwa mdomo. Maelezo hayo yana sarufi yake na mpangilio wake. Ni utanzu kamili wa usemi. Hata hivyo hayamo katika sura ambayo mji unajichorea kwa maandishi. Na yanapojaribiwa kuingizwa humo huingia nusu nusu: majina ya mahali hupokelewa, vitenzi vikabaki nje. Nitajaribu kuonyesha kwa nini vitenzi hivyo ndivyo vyenye uzito.

Huenda msomaji akauliza kama jambo hili lina maana yoyote nje ya biashara ya utalii. Lina maana, kwa sababu wengi miongoni mwa wageni wa Nairobi wasio na gari si watalii. Ni wagonjwa waliotumwa na hospitali za wilayani kwenda Hospitali Kuu ya Kenyatta wakiwa na barua mkononi. Ni wazazi wanaowafuata watoto wao vyuoni. Ni mashahidi walioitwa mahakamani. Ni wachuuzi wanaokwenda kununua nguo Gikomba au vitambaa Eastleigh. Miongoni mwao wamo wanaotoka Tanga, Arusha, Kampala na Bukavu, ambao lugha wanayoshirikiana na mji huu ni Kiswahili. Mtu wa aina hii akiwa na simu mkononi atapata maelezo mengi kuhusu Nairobi, lakini aghalabu yatakuwa kwa Kiingereza, na yatamwambia aagize teksi kupitia hotelini. Matatu atatajiwa pia, ila kama kitu cha kutazamwa: michoro yake, muziki wake, rangi zake. Namna ya kulipanda ni nadra kuelezwa. Na mwenye barua ya hospitali hana haja ya kuelezwa michoro.

Gari ni nini?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiingereza yapo maneno mawili tofauti, moja la gari la mtu binafsi na jingine la chombo chochote chenye magurudumu na injini. Kwa hiyo Kiingereza kinaweza kumtaja mgeni asiye na gari kama jamii ya pekee ya watu, na kikampa ukurasa wake. Kwa Kiswahili cha Nairobi mambo hayako hivyo. Neno gari hutumika kwa matatu, kwa basi, kwa lori na kwa gari la mtu binafsi. Abiria aliyesimama kituoni husema “nimepata gari” bila kuwa na maana ya kununua chochote. Husema “gari imejaa”, akilipeleka neno hilo katika ngeli ya I-ZI, ingawa vitabu vyetu vya sarufi vinataka “gari limejaa”. Husema pia “gari za Ngong zinabeba hapa”. Basi ukimwambia mtu huyo kwamba Fulani hana gari, jambo la kwanza linalomjia akilini huenda likawa kwamba Fulani amelikosa la mwisho usiku ule.

Hili si suala la msamiati tu. Lugha haikuona haja ya kumtenga asiyemiliki gari kwa sababu huyo ndiye mtu wa kawaida. Safari nyingi za wakazi wa Nairobi hufanywa kwa miguu na kwa matatu; wanaojiendesha katika magari yao ni wachache wakilinganishwa na hao. Sura ya mji katika intaneti imeligeuza jambo hili kichwa chini. Mwenye gari, au anayebebwa kwa gari la kukodi, amefanywa kuwa msomaji wa kawaida, na aliye wengi amefanywa kuwa msomaji wa pembeni. Mtafsiri atakayeuchukua ukurasa wa Kiingereza na kuugeuza Kiswahili neno kwa neno ataurithi mpangilio huo pamoja na maneno. Ndiyo sababu siamini kwamba tafsiri peke yake ingemsaidia mgeni wetu, hata ingefanywa na mtaalamu.

London na nguzo zisemazo

Miaka niliyokuwa masomoni Uingereza nilivutiwa na jambo moja ambalo wenyeji wenyewe hawalishangai. Mjini London maandishi hayakomi. Mtu husoma njia katika ukurasa wa shirika la usafiri akiwa kwake. Akifika barabarani hukuta kituo kina jina lililoandikwa, na juu ya nguzo pana herufi inayokitofautisha na vituo vingine vya jirani. Akiingia ndani ya basi, kufikia 2009 mabasi yote ya mji ule yalikuwa yamefungwa mitambo ya kutaja kituo kinachofuata kwa sauti na kwa maandishi. Tangu Julai 2014 mabasi hayo hayapokei fedha taslimu, kwa hiyo hata neno la nauli halina haja ya kutamkwa. Mgeni anaweza kuuvuka mji mzima kutoka mwisho hadi mwisho bila kumwambia mtu yeyote lolote.

Ukurasa wa London, basi, unaweza kuwa mfupi na bado ukatosha, kwa kuwa unaendelezwa na nguzo, na nguzo inaendelezwa na basi. Anayeutazama kwa pupa anaweza kudhani kwamba Nairobi inahitaji tu kuwa na ukurasa kama ule. Lakini ukurasa kama ule ukiletwa Nairobi utakatika pale pale msomaji anapotoka mlangoni. Vituo vyetu vingi havina kibao chenye jina. Kazi inayofanywa na nguzo kule, hapa inafanywa na sauti ya makanga, na sauti hiyo ina lugha yake.

Sarufi ya kuelekeza

Sikiliza mwenyeji wa Nairobi anavyomwelekeza mgeni. Mfano ufuatao nimeutunga mwenyewe, lakini kila msomaji wa jarida hili ataitambua sauti yake:

“Ukitoka hapa, pandia Railways gari la Ngong, namba 111, umwambie makanga akushushe Dagoretti Corner. Ukishuka utaona barabara inayokata kulia. Uvuke, ufuate hiyo, uende mbele kidogo, kisha uulize.”

Kwanza tuangalie kauli ya kutendea. Panda huzaa pandia, shuka huzaa shukia, pita huzaa pitia, anza huzaa anzia, isha huzaa ishia. Katika vitabu vya shule kauli hii hufundishwa hasa kwa maana ya kumfanyia mtu jambo, kama vile “mpikie mgeni chakula”. Lakini katika lugha ya usafiri kazi yake kuu ni kufunga kitendo na mahali kwa neno moja: “Shukia Odeon.” “Gari hili linaanzia wapi, na linaishia wapi?” Lugha nyingi za Ulaya huhitaji kihusishi, jina la kituo na pengine sentensi ya pili kusema jambo hilo. Kiswahili hulisema kwa silabi moja iliyoingizwa ndani ya kitenzi. Kama mtu angetafuta lugha iliyo tayari kuandikiwa maelekezo mafupi katika kioo kidogo cha simu, asingekuwa na haja ya kwenda mbali. (Ni kweli kwamba shukia ina maana nyingine, kwa kuwa mwewe naye humshukia kifaranga. Sijasikia abiria aliyechanganyikiwa kwa sababu hiyo.)

Pili, tuangalie nyakati na hali za vitenzi. Kuamrisha kwa moja kwa moja ni kuchache. Baada ya “pandia” ya kwanza, msemaji huingia katika dhamira tegemezi: uvuke, ufuate, uende. Katikati yake huweka -ki- ya masharti, “ukitoka”, “ukishuka”, na wakati ujao, “utaona”. Hiyo “utaona” ni neno la thamani sana. Haimwamuru mgeni kufanya lolote, inamwahidi. Inamwambia kwamba akifika mahali fulani na kitu fulani kikawa mbele ya macho yake, basi hajapotea. Maelekezo ya mashine hayana kitenzi cha kuahidi. Yana umbali, dakika na pande za dunia: elekea kaskazini-magharibi, mita mia mbili. Sijui kama yupo mkazi wa Nairobi aliyewahi kumwambia mgeni aelekee kaskazini-magharibi. Hata Pwani, ambako maneno kaskazini na kusini yalizaliwa kutokana na pepo za kaskazi na kusi, na ambako mabaharia waliyajua vizuri kuliko sisi, mtu wa mtaani hukuelekeza kwa bahari, kwa msikiti na kwa mti.

Tatu, na hili ndilo kubwa, maelekezo yanamalizikia kwa “kisha uulize”. Mara nyingi watu wanaotoka nje hulichukulia neno hili kuwa ishara kwamba mwelekezaji hajui. Si kweli. Mwelekezaji anajua vyema, ila anajua pia kwamba maelezo marefu hayabebeki kichwani. Basi huyagawa. Humpeleka mgeni mpaka mahali ambapo pana watu, akamkabidhi kwao. Maelekezo ya Kiswahili ni mnyororo wa wasemaji, na kila pete ya mnyororo huo inategemea kuwapo kwa inayofuata. Hata ile “umwambie makanga akushushe” ni makabidhiano ya namna hiyo: jina la kituo halitafutwi na jicho la mgeni kwenye nguzo, bali hukabidhiwa kwa mtu ambaye kazi yake ni kulikumbuka.

Hapa ndipo ukurasa wa maandishi unapokwama. Ukurasa humchukulia msomaji kuwa mtu aliye peke yake. Katika kurasa za wageni neno “uliza” huonekana kama ungamo la kushindwa, au kama hatari. Mgeni huonywa asizungumze na asiowajua. Siwezi kusema kwamba onyo hilo halina msingi, maana wapo wanaongoja wageni vituoni kwa nia mbaya, na mwanamke anayeshuka usiku katikati ya mji ana sababu ya kutotaka kuonyesha kwamba hajui aendako. Wapo pia wasioweza kuuliza kabisa, kama vile viziwi. Lakini mwenyeji naye anazijua hatari hizo, na lugha yake imeshazijibu. Humwambia mgeni amuulize mwenye duka, au mlinzi wa langoni, au mama anayeuza mboga. Humwonya asimfuate yule anayekuja mwenyewe kumuuliza anakokwenda. Kitenzi uliza kina yambwa, na yambwa hiyo huchaguliwa kwa uangalifu. Kinachokosekana katika kurasa zetu ni yambwa hiyo.

Majina ya vitu visivyokuwapo

Nimesema kwamba majina huingia kwa urahisi zaidi kuliko vitenzi. Mfano mzuri ni kazi iliyoanzwa 2012 na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa kushirikiana na wataalamu wa Marekani kutoka vyuo vikuu vya Columbia na MIT, pamoja na kampuni ndogo iitwayo Groupshot. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye kutambua mahali, wakaandika kila njia na kila kituo, vikiwemo vituo ambavyo havikuwa na kibao chochote. Matokeo yake yalitolewa kwa umma 2014: orodha ya njia zaidi ya 130, pamoja na ramani yenye mistari ya rangi, iliyochorwa kwa mtindo ambao Harry Beck aliuanzisha kwa reli za chini ya ardhi za London, na ambao umma uliuona mara ya kwanza 1933. Mwaka 2015 habari hizo ziliingizwa katika ramani za Google. Kabla ya hapo matatu, ambayo amri ya Rais Kenyatta ya 1973 iliyaruhusu kubeba abiria bila leseni za usafiri, yalikuwa yameutumikia mji kwa miaka mingi bila kuchorwa popote.

Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na mimi naisifu. Kwa mwanaisimu ni hazina, kwa sababu ilihamisha kwenye maandishi majina yaliyokuwa yakiishi midomoni. Nambari za njia zenyewe ni urithi wa Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza Nairobi 1934. Mabasi yake ya zamani yalipungua barabarani, lakini nambari zikabaki, zikachukuliwa na matatu. Baadhi yake zimekuwa majina ya mahali kabisa. Githurai 44 na Githurai 45 si njia tu, ni mitaa wanamoishi watu, na mtoto aliyezaliwa huko husema “natoka Forty-Five” bila kufikiria basi.

Majina mengine yametokana na vitu vilivyokwisha kuondoka. Odeon na Globe zilikuwa sinema. Filamu hazionyeshwi tena, lakini magari bado yanabeba abiria Odeon, na mzunguko wa barabara bado unaitwa Globe. Kencom ni jina la jumba la benki lililofupishwa na wenye benki wenyewe, na sasa limekuwa jina la mahali kiasi kwamba mwanafunzi wangu mmoja hakujua kwamba ni kifupisho. Kwa mgeni majina haya yana tabia ya kutatanisha: hawezi kuyafikia kwa macho. Akitafuta sinema hataiona. Jina la kituo cha Nairobi limehifadhiwa na masikio ya watu, na hupatikana kwa kusikiwa likiitwa. Hivyo basi jina peke yake katika ramani, bila kitenzi kinachomkabidhi mgeni kwa mwitaji, ni nusu ya habari.

Inafaa kutaja hapa kwamba Dar es Salaam ina mambo yanayofanana sana na haya. Mabasi ya njia maalum yalipoanza kazi huko Mei 2016, vituo vyake vilipewa majina yaliyoandikwa, na mengi yalichukuliwa kutoka kwa watu: Kimara, Bucha, Baruti, Shekilango, Urafiki, Tip Top, Manzese, Mwembechai, Usalama, Jangwani, Posta ya Zamani. Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina miaka ya 1960. Posta ya Zamani inajieleza. Lipo pia Fire, kama ilivyo Fire Station hapa kwetu Tom Mboya. Miji yote miwili inalo neno zimamoto, na miji yote miwili imekataa kulitumia kwa mahali hapo. Wapangaji wa lugha wanaweza kununa, lakini mgeni atakayemwambia kondakta “nishushe Zimamoto” huenda akapitishwa.

La kufunza zaidi ni jina la mabasi yenyewe. Serikali iliyaita Mabasi Yaendayo Haraka, tungo yenye kirejeshi ambayo mwalimu yeyote wa sarufi angeipa alama zote. Watu wakayaita mwendokasi. Neno la watu limeshinda, na sasa huandikwa magazetini na kusemwa na viongozi. Mgeni anayesoma neno la serikali na kulitamka kituoni ataeleweka, lakini atajulikana mara moja kuwa ni mgeni, na katika safari kujulikana huko kuna gharama yake.

Lamu, au sifa ya kutokuwa na gari

Hadi hapa nimesema juu ya miji ambamo asiye na gari husahauliwa. Lamu inatuonyesha upande wa pili. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mgeni anayekuja kwa basi hushukia Mokowe, bara, akavuka kwa mashua; anayekuja kwa ndege hutua Manda, naye pia huvuka. Punda ndio waliobeba mizigo tangu zamani, ingawa pikipiki zimeongezeka kisiwani katika miaka ya karibuni na wenyeji wengi wanazilalamikia.

Katika maandishi ya kuwavutia wageni, kutokuwapo kwa magari Lamu hutajwa mapema sana, na hutajwa kama pambo. Sina ugomvi na hilo. Ninalotaka msomaji aliangalie ni kwamba hali ile ile, yaani mtu kutembea kwa miguu yake kutoka alipo hadi aendako, huitwa uzuri inapokuwa ya mtalii kisiwani, na haitajwi kabisa inapokuwa ya mfanyakazi anayetoka Kibera kwenda Industrial Area alfajiri. Na hata Lamu maandishi hayo huishia kwenye pambo. Mji umegawanyika pande mbili, Mkomani na Langoni; upo Usita wa Mui unaoupita mji kwa urefu wake; upo uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome. Mwenyeji akikuelekeza kwa Kiamu chake, akiita njia ndia, hutumia mambo hayo matatu na misikiti, na hutapotea. Kurasa za wageni hutaja ngome kwa sababu ya historia yake, mara chache kwa sababu ya kazi yake, ambayo ni kumwambia mtu yuko wapi.

Nani ayaandike?

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wengi wetu tumelichukulia jambo hilo kuwa la bunge, mahakama na mitihani. Lakini ukurasa wa kaunti unaomwambia mgeni namna ya kufika kliniki nao ni maandishi rasmi, na barua ya hospitali inayompa mgonjwa siku ya kuonana na daktari ni maandishi rasmi vile vile. Barua kama hiyo humtajia mgonjwa idara, ghorofa na saa. Ingeongezewa mistari minne ya kumwambia ashukie wapi na amuulize nani, ingemfikisha. Mistari hiyo si ya mhandisi, wala si ya mchora ramani. Ni kazi ya mtu anayejua kwamba “utaona” ni ahadi na kwamba “uliza” inahitaji yambwa.

Wanafunzi wetu huandika insha juu ya methali na hutafsiri hotuba. Sioni kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa pili asipewe kazi ya kukaa kituoni kwa siku moja, asikilize jinsi wageni wanavyoelekezwa, ayaandike aliyoyasikia, kisha ayafupishe yaingie katika barua ya hospitali au katika kioo cha simu bila kuvipoteza vitenzi vyake. Atakuta matatizo ya kweli ya lugha, si ya kubuni. Kwa mfano, ataandika kituo au steji? Mtu wa Nairobi husema steji. Msomaji wa Tanga akilisoma neno hilo atafikiria jukwaa la wanamuziki. Kwake magari husimama kituoni, na mabasi ya mikoani husimama stendi. Ataandika makanga au kondakta? Tanzania wana konda, na manamba wetu anayeita abiria ana jina ambalo kusini ya mpaka lilikuwa la vibarua wa mashamba ya mkonge. Ataandika shusha, au shukisha, ambayo Nairobi imeizalisha upya kwa kanuni ya kawaida ya kutendesha, kana kwamba shusha haikuwapo? Mimi ningeandika kituo na kondakta, kwa sababu zinaeleweka kote, na ningemwacha mgeni ajifunze steji na makanga kwa masikio. Wenzangu wengine watapinga, na wana haki: mgeni anayetoka Bukavu anahitaji neno atakalolisikia likiitwa, si neno litakalompendeza mhariri.

Treni ya abiria ya reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, imeliongezea tatizo hili uzito. Stesheni zake kuu ziko nje ya katikati ya miji: upande mmoja Miritini, upande mwingine Syokimau. Msafiri hununua tiketi kwa simu, akaketi kwenye kiti chenye nambari, akafika kwa saa iliyotajwa. Kila kitu kimeandikwa. Kisha hushuka, akajikuta kilomita nyingi kutoka anakokwenda, na maandishi yamekwisha. Kutoka Syokimau ipo treni ya kumfikisha stesheni ya zamani mjini, na hapo nje ndipo zilipo gari za Railways. Sentensi mbili za Kiswahili zingetosha kumvusha hapo.

Kipo kitu kimoja ambacho sijaona namna ya kukiandika, nacho ni nauli. Matatu hupandisha bei asubuhi na jioni, na hupandisha zaidi mvua inapoanza kunyesha. Bei yoyote itakayowekwa katika ukurasa itakuwa ya uongo kabla ya saa kumi na moja jioni, na mgeni atakayeishikilia atagombana na makanga bure. Mwenyeji hajaribu kuikumbuka. Kabla ya kukanyaga ngazi humtazama makanga na kumuuliza, “Ni ngapi?” Akishajibiwa ndipo huingia, au hungojea linalofuata.